KHABARI ZA MJI NI AMANA: Uhakiki wa Uchunguzi wa Historia ya Mombasa

 

Mombasa ni mji uliojaaliwa kuwa na wapenzi wengi. Siku za mapumziko utawakuta vijana kwa wazee, wenye kamera na madaftari, wakitoka Ngomeni na kushika Ndia Kuu, wakipinda Kibokoni na Kuze hadi Mlango wa Papa. Husimama mbele ya milango ya nakshi, husoma maandishi ya makaburi, hukusanya picha za zamani za bandari, na huketi barazani kuwasikiliza wazee. Wengi wao hawakusomea historia wala hawalipwi kwa kazi hiyo. Ni walimu, makarani, wenye maduka na mabaharia waliostaafu. Wanaifanya kwa mapenzi tu, na wanayoyapata huyaandika katika vijitabu, au huyatuma kwa simu yakasomwa na maelfu.

Sisi tunaiheshimu kazi hii, na kwa sababu tunaiheshimu tumeona inastahiki kuhakikiwa. Kitu kisicho na thamani hakikosolewi. Tunaloshikilia katika makala haya ni hili: khabari ya mji si mali ya msimulizi, bali ni amana iliyo mkononi mwake. Mtu anaweza kuichukua kama burudani ya siku ya Jumapili, lakini kwa hukumu za fiqhi khabari hiyo hiyo inaweza kesho kuwa ushahidi wa wakfu, wa nasaba au wa mpaka wa makaburi. Kwa hiyo ni lazima ipimwe kwa mizani ya khabari kabla ya kupokezwa.

FANI YENYE ASILI

Wako wanaoidharau fani hii wakisema ni kupoteza wakati kufukua khabari za waliokwisha kwenda zao. Lawama hiyo si ngeni. Al-Hafidh al-Sakhawi, aliyefariki mwaka 902 Hijria (1497), aliandika kitabu kizima, Al-I'lan bi al-Tawbikh, kuwajibu wanaoilaumu elimu ya historia. Na historia ya mji mmoja mmoja ni mlango mkubwa katika elimu yetu. Al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki 463 Hijria) aliandika juu ya Baghdad, Ibn Asakir (571 Hijria) juu ya Damascus, Taqiyyuddin al-Fasi (832 Hijria) juu ya Makka, na al-Samhudi (911 Hijria) juu ya Madina. Hawa hawakuwa watu wa kupiga soga. Walikuwa wanavyuoni wa Hadithi na wa fiqhi, na waliziandikia historia za miji yao kwa sababu waliona haki za watu zimefungamana nazo.

Kisa kimoja cha al-Khatib kinatosha kulithibitisha hilo. Katika karne ya 5 Hijria ilitolewa hati mjini Baghdad ikidai kwamba Mtume (S.A.W.) aliwasamehe Mayahudi wa Khaybar kulipa jizya, na chini yake yakawekwa majina ya Masahaba kuwa ni mashahidi. Waziri wa Khalifa alimpelekea al-Khatib aitazame. Baada ya kuitazama alisema hati hiyo ni ya kughushi. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba ndani yake umo ushahidi wa Muawiya, naye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, yaani mwaka wa 8, hali Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7. Na umo ushahidi wa Saad bin Muadh, naye alifariki baada ya vita vya Bani Quraydha, mwaka wa 5, miaka miwili kabla ya Khaybar.

Ndugu msomaji, litazame hilo vizuri. Aliyeivunja hati ile hakutumia ila tarakimu tatu: 5, 7 na 8. Asingezijua, dai la uongo lingegeuka haki. Hiyo ndiyo daraja ya historia kwetu, na ndiyo daraja tunayotaka mpenzi wa historia ya Mombasa ajue kwamba ameikalia, hata akiwa ameikalia kwa kujifurahisha.

MIDOMO MIA, ASILI MOJA

Kasoro ya kwanza tunayoiona katika maandishi haya ya ridhaa, na ndiyo mama wa kasoro nyingine, ni kuhesabu midomo badala ya kutafuta asili. Utasoma mahali pengi kwamba Mombasa ilianzishwa mwaka 900. Ukiuliza nani kasema, utaonyeshwa vijitabu kumi. Ukivifungua vyote kumi utakuta kila kimoja kimenakili kingine, na wala hakuna kinachotaja mapokezi yake. Katika elimu ya Hadithi hilo tunalijua jina lake. Khabari iliyopokewa na watu mia kutoka kwa mtu mmoja haiwi mutawatir. Inabaki kuwa khabari ya mtu mmoja, na kama mtu huyo hajulikani, basi ni khabari ya asiyejulikana.

Sasa tuyaangalie yanayoshikika. Andiko mashuhuri la kale linaloitaja Mombasa kwa jina ni la al-Idrisi, aliyekikamilisha kitabu chake mwaka 1154 kwa Mfalme Roger wa Sicily. Anaieleza kuwa ni mji mdogo wa Wazanji, ambao watu wake hushughulika na chuma na uwindaji. Naye al-Idrisi hakufika huku. Aliandika kwa kusikia. Kwa upande wa machimbo, kazi ya Hamo Sassoon katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani, aliyoichapisha mwaka 1980, ilionyesha kwamba watu walikaa kisiwani kiasi cha miaka elfu moja iliyopita. Basi huenda anayesema 900 hakuwa mbali na ukweli. Kosa lake liko katika kutaja mwaka kamili ambao hakuna aliyemrithisha, kisha wenzake wakaubeba kana kwamba umechongwa juu ya jiwe.

Hali ni hiyo hiyo kwa Mwana Mkisi na Shehe Mvita. Mapokezi ya wenyeji yanasema kwamba Mwana Mkisi alitawala mji wa zamani wa Kongowea, kisha akaja Shehe Mvita, Mwislamu, akaanzisha utawala mpya. Mapokezi haya yana thamani kubwa kwani yamehifadhiwa na wenyewe, na yanatueleza jinsi Wamvita walivyouelewa mwanzo wao. Lakini waandishi wetu hawatosheki. Humpachika Shehe Mvita mwaka wa kuzaliwa, humpa sura na mavazi, na huligeuza jina la mji kuwa "kisiwa cha vita" bila ya kumwambia msomaji kwamba hiyo ni tafsiri moja tu, na kwamba wapo wanaolinasibisha jina hilo na Shehe mwenyewe. Aliyepokea maneno matano akapokeza kumi ameyaharibu hata yale matano.

SHAHIDI WA USIKU MMOJA

Kasoro ya pili ni kumpa shahidi zaidi ya alichokiona. Hakuna anayetajwa sana katika matembezi ya Mji wa Kale kuliko Ibn Battuta, aliyefika Mombasa yapata mwaka 1331 akiwa safarini kwenda Kilwa. Anawasifu watu wake kwa uchamungu na wema, na anasema ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii. Anataja ndizi na malimau, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka nje ya kisiwa. Anaieleza misikiti yao kuwa ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na penye milango yake pana visima ambavyo maji yake yako karibu, huteka wakaosha miguu kabla ya kuingia. Ni maelezo matamu, na ni ya mtu aliyeona kwa macho yake.

Hata hivyo shahidi huyu alilala usiku mmoja tu. Tena maneno yake yaliandikwa na Ibn Juzayy huko Morocco na kazi ikamalizika karibu na mwaka 1355, kiasi cha miaka 25 baada ya safari hii. Na katika maneno hayo hayo anasema kwamba kisiwa hiki hakina bara, na kwamba baina yake na nchi ya Sawahil ni mwendo wa siku mbili baharini, hali kila mkaazi wa Mombasa anajua kwamba bara ipo ng'ambo ya mkono wa bahari, mtu huvuka akarudi mara kadhaa kwa siku. Kwa hiyo uaminifu wa mpokezi ni jambo moja na udhibiti wake ni jambo jingine, na wanavyuoni wa Hadithi waliyatenganisha haya mawili tangu zamani. Mwenye kulipokea la visima na misikiti na akalisimamisha la bara hakumvunjia Ibn Battuta heshima. Amemtendea kama wapokezi wanavyotendewa.

Hapa pana jambo la fiqhi ambalo wachunguzi wetu hulipita bila ya kuliona. Hushindana sana juu ya msikiti upi ni wa kale zaidi. Msikiti wa Mandhry hutajwa kuwa wa mwaka 1570, na wengine hutanguliza Msikiti wa Basheikh. Lakini Ibn Battuta anatuambia kwamba zaidi ya miaka 200 kabla ya 1570 Mombasa ilikuwa na misikiti, nayo ilikuwa ya mbao. Mbao huliwa na mchwa na huungua, na mji huu ulichomwa na Wareno mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, kisha ukavamiwa tena na Nuno da Cunha mwaka 1528. Basi umri wa ukuta tunaouona si umri wa msikiti. Katika madhehebu ya Shafii, msikiti ukibomoka hata ikashindikana kuujenga tena hauuzwi kwa hali yoyote, kwani wakfu umeikamata ardhi, haukukamata kuta peke yake. Kwa hiyo swali lenye faida si "ukuta huu ni wa mwaka gani?" bali "pahali hapa palisaliwa tangu lini, na chini ya duka lile na uga ule kuna nini?" Swali la kwanza ni la kumfurahisha mgeni. La pili linaweza kumrejeshea Mwenyezi Mungu haki yake.

KUCHAGUA MASHAHIDI

Kasoro ya tatu ni kuchagua khabari zinazotupendeza. Mfano wake mkubwa ni Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614 baada ya kugombana na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarejeshwa mwaka 1626 atawale Mombasa kwa niaba yao. Mnamo Agosti 1631 (mwaka 1041 Hijria) aliingia ngomeni, akamuua kapteni wa Kireno, akaurudia Uislamu hadharani, na Wakristo wengi wakauawa mjini, Wareno na wenyeji. Mwaka uliofuata Wareno walikuja kuuhusuru mji wakashindwa, lakini yeye mwenyewe aliihama ngome, akawa mtu wa bahari hadi kufa kwake mwaka 1638.

Katika maandishi ya wapenzi wetu Yusuf ni shujaa asiye na doa. Katika vitabu vya upande wa pili ni msaliti. Watu wachache hujiuliza habari hizi zimetufikia kwa njia gani. Zimetufikia, kwa sehemu kubwa, kwa ushahidi wa viapo uliokusanywa na kanisa ili waliouawa watambuliwe kuwa walikufa kwa ajili ya dini yao. Ushahidi huo ulichapishwa kwa Kiingereza na Freeman-Grenville mwaka 1980. Hata kile kisa ambacho wenzetu hukisimulia kwa machozi, kwamba alionekana akiswali penye kaburi la baba yake, kimetoka kwa hao hao. Sasa haiwezekani mtu akawasadiki mashahidi wale wanapomtaja kaburini, kisha akawakadhibisha wanapotaja wanawake na watoto waliouawa, bila ya kueleza kwa nini. Kwa Kadhi, ushahidi wa adui juu ya adui yake haukubaliwi. Mwanahistoria ana nafasi zaidi, anaweza kuusikiliza. Lakini akiusikiliza ausikilize wote, na amwambie msomaji kwamba aliyesema ni adui.

Na jiwe nalo huwa mdai. Juu ya lango la Fort Jesus kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1639 yanayomsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuijenga upya ngome na kuitiisha pwani baada ya machafuko ya Yusuf. Wapo wanaoyapiga picha na kuyatafsiri kana kwamba kuchongwa kumeyafanya kuwa kweli. Aliyechonga ndiye aliyejisifu.

Vivyo hivyo mazingira ya mwaka 1696 hadi 1698. Tunasimuliwa kwamba jeshi la Imamu wa Oman liliihusuru ngome miezi 33 na kuiteka Desemba 1698 (mwaka 1110 Hijria), Waislamu upande mmoja na Wareno upande mwingine. Lakini ndani ya ngome walikuwamo Waswahili wengi waliokimbilia humo, na mwaka 1697, Wareno walipokwisha kwa maradhi, aliyeushika ulinzi kwa muda alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mwislamu. Nani alikuwa na nani, na kwa ahadi gani, ni suala zito la siasa za miji ya pwani, za ushindani wa Faza na Pate, na za ahadi na viapo. Mwenye kulifuta jina la Bwana Daud ili hadithi inyooke anawaondolea wasomaji wake nafasi ya kuyafahamu mambo kama yalivyokuwa.

NASABA NA MAJINA YALIYOACHWA

Mlango wa nasaba ndio wenye hatari zaidi, kwani hapo mapenzi ya historia huchanganyika na mapenzi ya nafsi. Tarehe ya Kilwa, Kitab al-Sulwa, inataja majahazi 7 yaliyotoka Shiraz, na la 4 kati yao lilitua Mombasa. Ile iliyonakiliwa na Mreno João de Barros katika karne ya 16 inatofautiana nayo. Mwaka 2023 ulichapishwa katika jarida la Nature utafiti wa vinasaba vya mabaki ya watu 80, wakiwemo wa Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa. Ulionyesha kwamba kuanzia karibu na mwaka 1000 wanaume waliotoka Asia, wengi wao wenye asili ya Uajemi, walichanganyika na wanawake wa Kiafrika. Hapo kila upande ukaruka na kipande chake: huyu anashangilia baba, yule anashangilia mama. Utafiti ule ulizungumzia makaburi fulani ya miji fulani. Haukumpa mtu yeyote aliye hai shajara ya ukoo. Nasaba katika sheria yetu huthibiti kwa njia zake zinazojulikana, na wala ubora hauthibiti kwa nasaba.

Wangetaka ushahidi wa hali ya mji wetu wangeyasoma majina ya Thenashara Taifa. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Majina haya peke yake ni kitabu. Yanasema kwamba Mombasa ilijengeka kwa watu waliohama kutoka miji mingine ya pwani, kaskazini hadi Pate, wakakaa pamoja bila ya kuficha walikotoka.

Na kuna majina yasiyoandikwa kabisa. Milango ya nakshi hupigwa picha, lakini ni nadra kuulizwa nani aliibeba mawe ya nyumba. Utumwa katika pwani hii haukufutwa rasmi hadi mwaka 1907, na ng'ambo ya kisiwa, Freretown ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya walioachwa huru. Fiqhi ilikuwa na milango kamili juu ya haki za watumwa na walioachwa huru. Vipi basi historia ya mji wa mafakihi iwanyamazie? Wanawake nao huonekana kama mama wa fulani tu, hali katika hati za wakfu na za mauzo wamo kwa majina yao, wenye nyumba na mashamba. Historia yenye wenye majumba tu ni nusu ya historia.

KHABARI INAPOGEUKA USHAHIDI

Tumefika penye kiini. Huenda msomaji akasema: "Hivi ni visa vya kuburudisha, mbona mnavifanya vizito?" Jawabu liko katika mlango wa ushahidi. Imam al-Nawawi (631–676 Hijria), katika Minhaj al-Talibin, kitabu kinachosomeshwa pwani kizazi baada ya kizazi, ameeleza ushahidi wa tasamui, yaani kushuhudia jambo kwa kuenea khabari yake baina ya watu bila ya kuliona. Imam al-Rafii aliuweka wakfu nje ya mlango huo. Al-Nawawi alisema kwamba lililo sahihi zaidi kwa wahakiki na kwa walio wengi ni kujuzu, katika wakfu kama katika nasaba. Lakini akaweka sharti: khabari isikiwe kutoka kwa kundi ambalo mtu huwa na amani kwamba halikuafikiana juu ya uongo. Na wanavyuoni wa madhehebu wakabainisha kwamba kinachothibiti kwa njia hii ni asili ya wakfu, si masharti yake.

Liunganishe hili na yaliyotangulia. Kama kesho utazuka mgogoro juu ya kiwanja, na hati imepotea, Kadhi anaweza kuwasikiliza watu waliosikia kwa vizazi kwamba kiwanja hicho ni wakfu. Ikiwa watu hao ni mafundo ya mnyororo wa kweli, kila mmoja na mzee wake na mtaa wake, haki inaweza kusimama. Ikiwa wote walikisoma kijitabu kimoja, basi hao si kundi. Ni mtu mmoja aliyezidishwa. Aliyekiandika kijitabu hicho bila ya uhakika ameyachafua maji ya kisima. Na ubaya huenda pande zote mbili: anaweza kuuthibitisha wakfu usiokuwapo akamdhulumu mwenye mali, au kuutia shaka ule uliokuwapo.

Hili si jambo la kubuni. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika pwani hii wayapeleke kwa maandishi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa na kumbukumbu iliyopangwa waliweza kudai. Wale ambao kumbukumbu yao ilikuwa midomoni tu hawakuwa na la kuonyesha. Na mwaka 1963, Ukanda wa Pwani ulipounganishwa na Kenya, kuhifadhiwa kwa mahakama za Kadhi kulitokana na historia ya kiutawala iliyoweza kuonyeshwa kwa karatasi. Mahakama hizo zimo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Mji usiojua khabari zake hujadiliana mikono mitupu.

PINGAMIZI NA JAWABU

Atasema msemaji kwamba masharti haya yataua mapenzi, kwani si kila mtu ni al-Khatib. Tunasema: wanavyuoni wenyewe hawakuwa wakali kila mahali. Imam Ahmad bin Hanbal alitambua kwamba khabari za vita na za matukio nyingi zake hazina sanadi madhubuti, na watu waliendelea kuzipokea. Ukali waliuweka penye halali na haramu na penye haki za watu. Basi na asimulie mwenye kusimulia asili ya jina la mtaa, chakula cha harusi, na jahazi lililozama. Tunachodai ni mambo machache ambayo hata kijana wa sekondari anayaweza.

Kwanza, aandike nani kamwambia, lini, na mzee huyo alisikia kwa nani au aliona mwenyewe. Pili, atenganishe baina ya alichokiona, alichokisikia na alichokisoma. Tatu, panapokuwa na riwaya mbili azitaje zote mbili, asichague iliyo tamu. Nne, aitangulize kazi ya kunakili kabla ya kazi ya kusimulia: maandishi ya makaburi yanaliwa na chumvi ya bahari kila mwaka, na hati za wakfu zinaliwa na mchwa sandukuni. Picha moja iliyo wazi ya hati, kwa idhini ya wenyewe, ina faida kuliko hotuba kumi juu ya utukufu wa mji. Tano, achunge adabu za makaburini. Haifai kukanyaga wala kukalia kaburi ili picha itoke vizuri. Sita, ajitaje yeye mwenyewe ana maslahi gani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufariki kwake 1947, aliandika tarehe ya Mazrui, ukoo wake mwenyewe uliotawala Mombasa hadi 1837. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1995, na inafaa mno. Kila anayeisoma anajua ni nani anayezungumza, na hilo humsaidia kuipima.

Suratul Hujurat, katika aya yake ya 6, inatuamrisha tuthibitishe khabari kabla ya kuitendea, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na katika utangulizi wa Sahihi yake Imam Muslim amepokea onyo la Mtume (S.A.W.) kwa mtu anayesimulia kila anachokisikia. Hayo hayakusemwa kwa wanavyuoni peke yao. Yanamhusu hata anayesimama Jumapili mbele ya mlango wa nakshi na kuwaambia wageni, "Nyumba hii ilikuwa ya fulani." Huenda ni kweli. Lakini fulani ana warithi, na huenda aliiweka wakfu.

Tunawaombea wapenzi wote wa historia ya Mombasa wazidi kuwa wengi, na kalamu zao ziwe za haki. Wallahu a'lam.